Simba Aliyevaa Raba: Mwongozo kwa Mzazi wa Gatuanyaga

Kabla ya yote, mzazi, kubali kwamba safari hii si ya mtoto. Mtoto wa miaka minne hajawahi kukuomba umpeleke kuona Mwaka Mpya wa Kichina. Alichokuomba ni biskuti, na juzi alikuomba mwende kwa jirani mkamwone mbuzi aliyezaa mapacha. Ni wewe uliyeona statasi ya binamu yako wa Ruiru, watoto wake wamesimama kando ya joka jekundu katika duka kubwa la Nairobi, ukajiambia kwamba wa kwako hawatakua wakichakura uani kama kuku wa kienyeji ilhali dunia iko umbali wa matatu mbili. Hiyo ni sababu ya kutosha. Usiitafutie nyingine. Ukisema unataka wazijue tamaduni za ulimwengu, watakuuliza swali la pili, nalo hukulisomea.

Mwongozo huu ni wa mzazi wa Gatuanyaga, Munyu, Ngoliba na kule kote upande huu wa Thika ambako ukisema unaenda kujionea maajabu watu hudhani unaenda kwenye maporomoko ya Fourteen Falls. Wa Ruiru na Juja wanaweza kuusoma pia, ila waanzie katikati. Wao huamka saa mbili na bado hufika kabla yetu.

Kuichagua siku

Mwaka Mpya wa jadi wa Kichina hauna tarehe moja. Hufuata mwezi, ukaangukia popote kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Jirani yako Mwislamu atakuelewa upesi kuliko mchungaji wako, maana naye hungoja mwezi uandame. Tofauti ni kwamba Wachina huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka miwili au mitatu, ndiyo maana sikukuu yao haitembei kutoka kiangazi hadi masika kama Idd. Imefungiwa katika majuma hayo manne, na majuma hayo sisi tunayajua vizuri. Ni Njaanuari na mkia wake. Karo imelipwa nusu, sare imenunuliwa kubwa ili idumu hadi darasa la tatu, na mahindi ya shambani yameshaamua kwamba hayatakuwa mahindi. Huo ndio wakati ambao mbingu zimekupangia kwenda kutazama watu wakisherehekea utajiri.

Mwaka 2024 sikukuu iliangukia Jumamosi tarehe 10 Februari. Mwaka 2025 ilikuwa Jumatano tarehe 29 Januari, na mwaka 2026 Jumanne tarehe 17 Februari, siku za shule zote mbili. Usitishike. Maonyesho ya Nairobi hayafungwi na siku yenyewe. Huanza kabla na huendelea baada yake, kwani sherehe zenyewe hudumu hadi siku ya 15, usiku wa taa, mwezi unapokuwa mpevu. Ukikosa wiki ya kwanza kwa sababu ya mazishi, na ya pili kwa sababu ya chama, bado unaweza kubahatisha ya tatu.

Ukishapata siku, mtafutie mtoto mnyama wake. Wachina wana wanyama 12 wanaopokezana miaka, na kila mtoto ana wake. Hapa ndipo nyumba nyingi huingia matata. Aliyezaliwa 2021 ni Ng'ombe, na Cucu, nyanya yake, atafurahi kwa sababu ng'ombe ni mali. Wa 2022 ni Chui Milia, naye hatakusikiliza tena maishani mwake. Wa 2020 ni Panya. Wa 2019 ni Nguruwe, na huyo usimwambie mkiwa mnapita Kahawa, karibu na kiwanda cha soseji. Usidhani pia kwamba aliyezaliwa mapema Januari 2020 amenusurika akawa Panya. Mwaka huo ulianza tarehe 25 Januari, kwa hiyo yeye bado ni Nguruwe, na cheti cha kuzaliwa hakitamsaidia.

Mahali, na barabara ya kufika huko

Hakuna simba wa Kichina anayecheza Gatuanyaga. Itabidi umfuate. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoanza mwaka 2005, ndiyo ya kwanza barani Afrika, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina yake. Wanafunzi wao huimba, hucheza na kupiga kung fu sikukuu zinapofika. Kuna mwaka shoo huwa katika jumba la Kenya National Theatre, na kuna mwaka huwa kwenye maduka makubwa kama Two Rivers, ambayo yenyewe yalijengwa kwa fedha zilizotoka China kwa sehemu. Mimi ningekushauri chuo cha Kenyatta, si kwa ubora wa simba, bali kwa sababu matatu ya 237 hupita langoni. Uliza mapema kama umma unaruhusiwa kuingia. Usimuulize askari wa lango. Yeye hujua tu kwamba hujaandikwa kwenye karatasi yake.

Mvalishe mtoto nyekundu. Nguo ya Krismasi itafaa, kwa kuwa bado ina heshima yake na ilinunuliwa kwa nia hiyohiyo ya kuonekana. Mvalishe mkifika Thika. Ukimvalisha nyumbani, vumbi la Februari litaipaka rangi ambayo hakuna sikukuu inayoitambua.

Kwenye matatu, mtoto wa kupakatwa halipi, na kwa sheria za konda mtoto wa kupakatwa ni yeyote ambaye magoti yake hayajagusa kiti cha mbele. Mwanao wa miaka saba atakunjika. Mfunze nyumbani. Usibebe mayai ya kuchemsha. Najua ni chakula cha safari tangu enzi za babu zetu, lakini kati ya Juja na Ruiru abiria wote watajua umebeba nini, na mtoto wa mwenzako atatapika kwa niaba ya wako.

Mkishaingia Thika Road, mwambie mtoto kwamba ameanza kuona maonyesho ya Wachina na bado hajalipa kiingilio. Barabara hii ilijengwa na kampuni tatu kutoka China, ikafunguliwa rasmi na Rais Kibaki tarehe 9 Novemba 2012, na wengi wetu hatujawahi kuona kazi nyingine ya mikono ya Wachina kwa ukaribu hivi, tukiacha simu na masufuria. Ila usiseme zaidi ya hapo. Ukiendelea atataka kujua kama msongamano wa Githurai nao waliuleta wao, na utalazimika kukiri mbele ya abiria kwamba huo ni wa kwetu.

Hotuba, au jinsi ya kutumia saa ya kwanza

Tiketi au bango litakuambia saa nne. Saa nne utawakuta watu wakijaribu vipaza sauti. Saa tano mgeni rasmi ataingia, na baada yake wageni wengine ambao wote ni rasmi kwa kiasi fulani, na kila mmoja atasema kwa ufupi. Urafiki wa nchi mbili utatajwa. Zheng He atatajwa, yule amiri ambaye merikebu zake zilifika pwani yetu karne ya 15. Reli itatajwa. Kisha mtu mwingine atakuja kutafsiri yote kwa Kichina, au yaliyosemwa kwa Kichina yaje kwa Kiingereza, na hapo ndipo utakapogundua kwamba katika watu 400 ukumbini, anayesikiliza kwa makini ni mpiga picha peke yake.

Kibofu cha mtoto mdogo kimeumbwa kulingana na ratiba hii. Hakitakusumbua wakati wa hotuba ya kwanza, ambapo ungeondoka bila hasara. Kitangoja hadi mshereheshaji aseme "na sasa, tuwakaribishe..." Kwa hiyo mpeleke chooni kabla hajaomba. Atakataa. Mpeleke.

Keti mwishoni mwa mstari, karibu na mlango, wala usikubali kusogezwa katikati na wale vijana waliovaa beji. Wao hawana watoto.

Simba

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wazazi hufanya ujinga mwingi zaidi.

Ngoma italia kwanza. Si ngoma ya kutumbuiza. Ni ngoma kubwa ya kifuani, na pamoja nayo matoazi na upatu, vyote vikipigwa na watu walioambiwa wasihurumie mtu. Kisha simba ataingia mbio kutoka upande ambao hukutarajia. Ana macho makubwa yanayopepesa, kope za manyoya, mdomo unaofunguka na kufungwa, na kichwa ambacho hukiyumbisha hadi kwenye mapaja ya waliokaa mbele. Mwanao atapiga ukwenzi. Atajichimbia kwapani mwako. Kama ni wa miaka mitatu atajaribu kurudi tumboni.

Na wewe, mzazi, utafanya nini? Nimekutazama. Utamshika kichwa umgeuze kumwelekeza kwa simba, uinue simu kwa mkono wa pili, useme, "Angalia, ni simba mzuri, smile." Utamwambia asiogope. Utamwaibisha kwa kumwonyesha mtoto wa watu ambaye halii. Halafu jioni utaandika kwenye statasi kwamba watoto wamefurahia sana.

Hebu tuelewane. Wachina husimulia habari za jitu liitwalo Nian, lililokuwa likitoka mafichoni usiku wa mwisho wa mwaka kula mifugo na watu, hadi wanakijiji wakagundua kwamba linaogopa vitu vitatu: rangi nyekundu, moto na makelele. Tangu hapo kila mwaka mpya huletwa vitu hivyo, na simba na ngoma zake wamo katika kazi hiyohiyo ya kufukuza. Maana yake ni kwamba kila ulichokiona pale jukwaani, kuanzia kitambaa hadi upatu, kimetengenezwa kwa vizazi vingi ili kiumbe chenye akili timamu kitoroke. Mwanao ametoroka. Katika ukumbi mzima yeye peke yake ndiye aliyeuelewa mchezo bila mkalimani, na wewe unamwambia atabasamu.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi. Akilia, ondokeni hadi mlangoni, msimame pale ambapo ngoma inasikika bila kutikisa mbavu, na mngoje. Usiseme lolote. Baada ya muda jicho moja litachungulia begani mwako. Baadaye la pili. Kabla simba hajamaliza, mtoto yuleyule ataanza kukuvuta kurudi ndani, na ukimkatalia atalia upya, safari hii kwa hasira. Huyo sasa ameingia katika sherehe. Wale waliokaa mstari wa mbele wakitabasamu kwenye simu za mama zao bado hawajafika.

Wa miaka sita hadi minane ni shida nyingine kabisa. Hao hawaogopi, wanachunguza. Ndani ya ngozi moja mna watu wawili. Wa mbele hubeba kichwa na kuvuta kamba za macho na mdomo. Wa nyuma huenda ameinama tangu mwanzo hadi mwisho, na kazi yake kubwa ni kuwa makalio. Mwanao ataona miguu minne imevaa raba, na atalitangaza hilo kwa sauti, kipindi hichohicho ambacho ngoma imenyamaza. Baada ya shoo mkizunguka nyuma ya ukumbi mnaweza kumkuta simba amevua kichwa, anakunywa maji, anaongea Kikamba na mtu kwa simu. Usijaribu kulificha hili. Katika maonyesho ya vyuo vyetu wachezaji wengi ni vijana wa Kenya wanaosoma Kichina, na simba wa Guangdong anayetoka Machakos ni habari kubwa kwa mtoto kuliko chochote kilichosemwa na mgeni rasmi.

Atakuambia pia kwamba huyo si simba. Usibishane naye, kwa kuwa amesema kweli. Nchini China hakuna simba wa porini. Waliowajua waliletewa kama zawadi kutoka nchi za magharibi mwao, tangu enzi za utawala wa Han, karibu miaka 2,000 iliyopita, na mafundi wengi waliomchonga na kumshona hawakuwahi kumwona mnyama mwenyewe. Ona simba wa kusini mwa China, ana pembe moja na kioo kwenye kipaji cha uso. Mtoto aliyewahi kupelekwa Nairobi National Park na shule yake ana haki ya kucheka. Ila mkumbushe kwamba sisi nasi tuliwachanganya. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya Mfalme Yongle, na watu wa ikulu wakaamua kwamba huyo ni qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao. Hatudaiani. Walimpokea twiga wetu kama kiumbe cha ngano, nasi tumempokea simba wao kama blanketi.

Joka, na maswali ya Cucu

Joka si tatizo la mtoto. Joka ni tatizo la Cucu. Mtoto ataona kitu kirefu kinachong'aa, kimebebwa juu ya vijiti na watu tisa au zaidi, kikifukuza mpira mbele yake bila kuupata, na atacheka hadi ashikwe na kwikwi. Cucu ataona picha jioni, avae miwani, na aulize kwa upole kama huyo si yule wa Ufunuo sura ya 12.

Jitayarishe. Usianze kumfundisha Cucu habari za tamaduni mbalimbali. Mwambie kwamba joka la Kichina halitemi moto wala halina ugomvi na malaika. Makao yake ni kwenye mito na mawingu, na kazi yake ni kuleta mvua. Kisha nyamaza. Kwa mtu aliyelima upande huu wa Thika maisha yake yote, akihesabu mawingu yanayopita kwenda kunyeshea Gatanga, hoja hiyo ina uzito. Tena Cucu mwenyewe alilelewa na hadithi za Mukunga-mbura, dude la majini lenye rangi za upinde wa mvua linalotoka usiku kumeza mifugo, na alikuwa akikusimulia wewe ukiwa mdogo ili usiende mtoni peke yako. Akikumbuka hilo ataiangalia picha mara ya pili. Ikiwa ataomba umtumie kwenye simu yake, umeshinda.

Sarakasi na nyuso

Mtu atasimama kwa mkono mmoja juu ya viti vilivyopandana. Hapa mtoto hahitaji mwongozo, anayeuhitaji ni wewe, kwa sababu kesho yake viti vya nyumbani vitapandana. Ukitaka kujipa moyo, kumbuka kwamba katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilipeleka vijana wake China kusomea sarakasi kwa miaka kadhaa, wakarudi kuunda kikundi cha taifa. Na kama shoo ilikuwa mjini, mkipita Ngara mkirudi kupanda gari, mwonyeshe Sarakasi Dome, iliyokuwa zamani sinema ya Shan, ambako vijana wa Nairobi hujifunza kazi hiyohiyo. Atajua kwamba kuna watu hulipwa kwa kile anachochapiwa.

Kubadilisha nyuso ni sanaa ya opera ya Sichuan. Mchezaji hupitisha upepeo au mkono mbele ya uso, na barakoa nyekundu imekuwa ya kijani, ya kijani imekuwa nyeusi, kabla hujapepesa jicho. Siri ya namna wanavyofanya hulindwa na wenyewe. Mzazi anayefuatilia siasa za Kiambu hatashtuka, lakini mtoto atashtuka, na atakuuliza "anafanya aje?" hadi mfike Makongeni. Unaweza kumpoza kwa kumwambia maana ya rangi, maana katika opera za Kichina uso hukueleza mtu kabla hajafungua mdomo: mwekundu ni mwaminifu, mweusi ni mnyoofu asiyependelea, mweupe ni wa hila. Usimfundishe hayo siku ambayo mtampitia shangazi anayejipodoa.

Opera yenyewe, ile ya kuimba kwa sauti ya juu, ni ndefu. Toka ukanunue maji.

Adabu

Kuna neno moja ambalo watoto wetu hulitoa bila kufundishwa wanapomwona mgeni wa kutoka upande ule wa dunia, nalo ni "Mchina!", kwa sauti ya makanga anayejaza gari. Baada yake hufuata jina la Jackie Chan, na mateke mawili hewani. Malizeni hayo yote nyumbani. Mwelezee pia kwamba Wachina hawazungumzi kwa sauti ya DJ Afro, yule msimulizi wa filamu. Hili ni gumu kwa mtoto aliyekulia karibu na kibanda cha video, ambako tangu azaliwe mabwana wa kung fu wamekuwa wakipigana kwa Kiswahili cha Nairobi. Atawasikia wakizungumza Kichina na kudhani mitambo imeharibika. Atauliza steringi ni nani. Mjibu kwamba leo steringi ni mwenye ngoma, na si uongo.

Mfundishe "ni hao" ya kusalimia na "xiexie" ya kusema asante, inatosha. Halafu mwache. Pale ukumbini kuna familia za Kichina ambazo sikukuu hii kwao ndiyo Krismasi, na kwao ni mbali, na nauli haikupatikana mwaka huu. Watoto wao watakuja kumshika wako nywele bila kuomba ruhusa. Wako atazishika za kwao. Watu wazima wote wawili mtaona aibu na kusema "sorry" mara nyingi, wakati wenye nywele wameshaenda kukimbizana kati ya viti. Usiwaingilie, hata kama simba wa pili ameanza.

Chakula na bahasha

Kutakuwa na jiaozi, vifurushi vya unga vyenye nyama na mboga, na vijiti viwili vya kulia. Mtoto atakula kwa mkono na kusema ni sambusa iliyolowa. Mpe, zitamshibisha. Lakini ukialikwa tena kwenye sikukuu yao ya mwezi mpevu, ile ya Septemba au mapema Oktoba, mwonye kuhusu keki ya mwezi. Ni nzuri kwa macho, imepigwa mhuri maridadi, na katikati mwake mara nyingi mna kiini cha yai la bata kilichotiwa chumvi. Mtoto aliyetarajia krimu hataisahau dhuluma hiyo.

Bahasha nyekundu ndiyo sehemu ya gharama. Kwa desturi wazee huwapa watoto pesa ndani yake, noti mpya zisizokunjwa. Baadhi ya waandaaji hugawa bahasha zenye peremende, na mwanao atarudi nyumbani akiamini kwamba jamaa zake wote wamekuwa wakikiuka sheria kwa miaka mingi. Atawapelekea wajomba bahasha tupu. Wewe ukimpa ya kwako, tumia ile mbinu ya mama yako: mpe, msifu, kisha mwambie akupe umwekee. Bado hujarudishiwa za kwako za 1994, na ulikua vizuri.

Baada ya kurudi

Kazi ya sanaa ya shuleni wiki hiyo itakuwa imejifanya yenyewe. Katoni ya mafuta ya kupikia itakatwa macho, leso ya Cucu itakuwa mwili, mkubwa atakuwa kichwa na mdogo, kwa kilio, atakuwa makalio. Sufuria zitalia kuanzia alfajiri. Mbwa atahama. Unaweza kuwakataza, ila kumbuka kwamba sherehe hizo za Mwaka Mpya wa Kichina ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za binadamu Desemba 2024, na ngoma ya Isukuti ya ndugu zetu Waisukha na Waidakho iliandikwa mwaka 2014 katika orodha ya zile zinazohitaji kulindwa haraka. Unapomnyang'anya mtoto sufuria, jiulize uko upande wa nani. Kisha mnyang'anye, kwa sababu hiyo ndiyo ya ugali.

Kwa Mwaka Mpya wa 2027 huna kisingizio cha shule, kwa kuwa siku yenyewe ni Jumamosi, tarehe 6 Februari. Ni Mwaka wa Mbuzi. Wataimba kumhusu mbuzi, watacheza kumhusu mbuzi, mabango yote yatakuwa na mbuzi, na mtoto wa Gatuanyaga, ambaye hajawahi kualikwa kwenye sherehe ya mbuzi ikaisha bila sahani, atakaa mstari wa mbele kwa utulivu ambao hujawahi kuuona akingoja aletewe yake. Pitieni Thika kwanza mle.